Madam Refa na Sekunde Ishirini na Nne

Alikuwa anaingia uwanjani amejifunga kitenge juu ya suruali yake nyeusi ya urefa, kama mama anayekwenda sokoni kununua vitunguu, na mgeni angedhani amepotea njia. Kwanza salamu. Alisalimia makocha mmoja mmoja, akawaulizia wagonjwa wao, akaitikia shikamoo za wanafunzi wote bila kuruka hata mmoja, akauliza kama huko walikotoka mvua imenyesha na alizeti inaendeleaje. Akifika kwenye mstari wa pembeni alifungua kitenge, akakikunja taratibu, akanipa nikiweke mezani. Hapo ndipo alipobadilika. Mgongo ulinyooka, macho yakawa madogo, filimbi ikaingia mdomoni, na tangu dakika hiyo hakumjua mtu.

Tulimwita Madam Refa. Jina lake lilikuwepo, ila halikutumika. Hata mlinzi wa shule yake, ukimuuliza kwa jina, alifikiri kidogo kwanza, kisha akasema, "Aaa, Madam Refa!" na kukuonyesha darasa.

Nilimfahamu nilipohamia Singida mjini kufundisha Hisabati. Yeye alikuwa anafundisha Jiografia katika shule nyingine, upande wa pili wa mji, na kila msimu wa michezo ya shule za sekondari alichezesha mpira wa kikapu, wasichana kwa wavulana, kuanzia wilaya hadi mkoa. Mimi nilikuwa nimecheza kidogo chuoni. Sijui nani alimwambia. Siku moja nilitoka darasani na chaki mikononi nikamkuta amesimama barazani ananisubiri.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa Hisabati?"

"Ndiyo mimi."

"Unaweza kukaa kimya muda mrefu?"

Sikuelewa swali lile lilitokea wapi. Nikasema naweza.

"Basi utakaa kwenye meza yangu. Wanaoongea sana nimewachoka."

Ndivyo nilivyoanza kukaa kwenye meza ya waamuzi, ile meza ya pembeni wanakokaa mwandika pointi na mtunza muda. Nimekaa hapo misimu mingi, na sehemu kubwa ya ninayoyajua juu yake niliyaona nikiwa nimeketi.

Nje ya uwanja sijaona mtu wa polepole kama yeye. Alimenya chungwa kama anayeogopa kuliumiza. Swali la kawaida tu, kama "umekula?", lilimchukua muda kulijibu, kwa sababu alitaka kwanza kukumbuka amekula nini na kilikuwaje. Walimu wenzake walifika mahali pa kumdanganya saa ya kikao: kikao cha saa nne walimwambia kinaanza saa tatu, na bado walimkuta hayupo. Mumewe, fundi cherehani mpole mwenye masharubu, alizoea kula chakula cha mchana jua likielekea kuzama. "Mke wangu ana haraka zake," alituambia siku moja, "ila amezihifadhi zote kwa ajili ya ule mpira wenu."

Na kweli. Siku ya mchezo alikuwa wa kwanza kufika. Viwanja vyetu viko wazi, sakafu ya saruji iliyopasuka hapa na pale, na upepo wa Singida kila asubuhi huleta mchanga mwembamba ambao mchezaji akikanyaga anateleza kama amekanyaga ganda la ndizi. Ungemkuta Madam ameinama na ufagio wa chelewa, anafagia chini ya ringi, peke yake, mfuko wa plastiki umejaa kokoto alizookota. Wanafunzi wakikimbia kumpokea ufagio alikataa. Alisema anapofagia ndipo anapoujua uwanja, wapi mpira utadunda vibaya, wapi mtu ataanguka. Kuhusu upepo, makocha walizoea kulalamika kwamba umepeperusha mpira wa timu yao. Aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wale wengine wanachezea ndani?"

Lakini mtu huyu huyu, aliyekuwa hawezi kuvumilia mguu ukikanyaga mstari kwa unene wa kidole, alikuwa mwizi mkubwa wa karata. Hili wengi hawalijui. Tulikwenda Kintinku mara moja, kwenye michezo ya kirafiki, gari likaharibika njiani, tukakaa chini ya ubavu wake wenye kivuli tukicheza karata kungoja fundi. Madam alishinda, akashinda tena, akashinda tena. Refa mwenzake, kijana mmoja wa Iramba ambaye hakupenda kushindwa, akaamua kumwangalia vizuri. Akamkuta amekalia karata tatu. Nilitegemea aibu. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Madam! Wewe?"

"Hapa nani ana filimbi?" akasema, na akachanganya karata upya. Mchezo uliofuata akaiba tena, safari hii waziwazi, sote tukimwona.

Zamani, kabla ya kuletwa saa ya sekunde ishirini na nne, mpira wa kikapu wa shule zetu ulikuwa na ugonjwa mmoja. Timu ikishatangulia hata kwa pointi mbili, ilishika mpira isirushe tena. Walipasiana tu: huyu anampa yule, yule anamrudishia huyu, wapinzani wanakimbia huku na huku kama watu wanaofukuza kuku jirani akicheka. Hakuna kosa lililotendeka, kwa hiyo refa hana la kufanya. Niliona mchezo mmoja ambapo robo ya mwisho karibu yote iliisha hivyo. Watazamaji walianza kuondoka. Wauza karanga walikaa chini, wakaanza kula karanga zao. Madam alisimama katikati na filimbi mdomoni, hana pa kuipuliza. Mchezo ulipoisha alikuja mezani kuchukua kitenge chake, akasema, "Leo nimechezesha watu wanaosubiri basi."

Kisha zikaja zile saa. Ni visanduku viwili vyenye namba nyekundu, vinavyofungwa juu ya mbao za magoli pande zote mbili na kuunganishwa na umeme, na honi yake inalia kama lori la Shelui linalomfukuza punda barabarani. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Timu ikipata mpira, inahesabiwa sekunde ishirini na nne. Ndani ya muda huo lazima irushe, na mpira uguse ringi. Honi ikilia mpira ukiwa bado mkononi, basi, wanapewa wapinzani.

Makocha wengi hawakuitaka. Tuliitwa kwenye kikao cha kujadili, na mwalimu mmoja wa upande wa Manyoni, mtu mzima mwenye sauti nene, akasimama.

"Madam, tuambiane ukweli. Watoto wetu mchana wanakula makande, jioni ugali. Hizi sekunde ni za watoto wa Dar es Salaam. Huku tutawaua."

Madam alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Tukasubiri.

"Mwalimu," akasema, "watoto wako mimi nimewaona wakikimbiza ng'ombe walioingia kwenye alizeti. Yule ng'ombe huwa anawapa sekunde ngapi?"

Yule mwalimu alicheka kabla ya wengine. Saa ikapitishwa.

Mimi ndiye niliyepewa kuiendesha, na ni yeye aliyenifundisha. Jioni kadhaa tulibaki uwanjani na wachezaji wachache wa kujaribia. Mpira ukishikwa, bonyeza. Mpira ukigusa ringi, anza upya. Mpira ukitoka nje, simamisha. Yanaonekana mambo madogo, lakini uwanjani watu kumi wanakimbia, mikono inapishana, na mtu aliyepoteza mpira anaweza kuuchukua tena kabla hujapepesa macho. Nilikosea mara nyingi. Hakunikaripia. Alikuja mezani, akaniuliza nimeona nini, nikamweleza, akasema, "Sawa. Tena."

Jambo moja tu alilikazia. "Usitazame nyuso," aliniambia. "Ukitazama uso wa mtoto utamhurumia, na kidole chako kitachelewa. Tazama mpira. Huruma yako mtunzie, utampa mchezo ukiisha."

Siku moja nilimuuliza kwa nini aliipigania saa ile hivyo, yeye mtu wa kuchelewa kila mahali. Tulikuwa tunatembea kurudi mjini, mwendo wake ule ule wa kuhesabu mawe. Akajibu tulipofika karibu na nyumba za kwanza.

"Nimeona wasichana wengi," akasema, "wameshika mpira na wanatafuta wa kumpa. Anaweza kurusha, yuko wazi kabisa, lakini anageuka kutafuta mwingine ndiye aamue. Nami nilikuwa hivyo. Hii saa inamwambia amua mwenyewe. Ukikosa, umekosa. Mpira utarudi."

Sikumsikia akizungumza urefu ule kuhusu mpira tena.

Nisimchore kama malaika. Alikuwa na ulimi mkali, na ukimuudhi aliweza kukunyamazia muhula mzima huku akikusalimia vizuri kabisa, jambo ambalo ni baya kuliko matusi. Na kwa wasichana alikuwa mgumu kuliko kwa wavulana. Mvulana akianguka alimuuliza kama ameumia. Msichana akianguka alimwambia, "Inuka, tunaendelea." Alisema dunia imewazoesha kulala chini wakisubiri kuinuliwa. Labda. Lakini kulikuwa na binti mmoja kutoka Mkalama, mwembamba, mwepesi sana, aliyeanguka chini ya ringi akashika mkono wake akilia. Madam akamwambia inuka. Akainuka. Akacheza dakika nyingine kadhaa kwa mkono mmoja, uso umempauka, hadi kocha wake alipomtoa. Mkono ulikuwa umevunjika.

Mama yake alipofika hospitali alimkuta Madam ameketi kando ya kitanda na chupa ya uji. Nilikuwepo. Madam alisimama, mtu mzima yule, akampa mkono yule mama ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake.

"Mimi ndiye refa," akasema. "Mwanao aliumia, mimi nikamwambia ainuke. Nilikosea."

Yule mama alimtazama, kisha akaitazama chupa ya uji. Sidhani kama alitegemea kuambiwa vile. Mwishowe akasema, "Uji wenyewe una sukari? Huyu hali uji bila sukari." Wakakaa pamoja. Siku zote binti alizolazwa Madam alikwenda, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuchelewa. Tangu hapo, mchezaji akibaki chini, msichana au mvulana, alipuliza filimbi kwanza, akaenda mwenyewe kupiga magoti na kuuliza.

Sasa nifike kwenye fainali, maana mtu akimtaja Madam Refa hapa mkoani, mazungumzo huishia hapo.

Ilikuwa fainali ya wasichana ya mkoa, kwenye uwanja wa shule yetu. Timu ya nyumbani ni sisi. Wageni walitoka Iramba, shule iliyo chini ya mlima wa Sekenke, watoto wa wakulima na wachimbaji wadogo wa dhahabu, waliokuja wamesimama kwenye fuso wakiimba njia nzima. Mshindi angechukuliwa kwenda kuuwakilisha mkoa. Shule yetu haikuwahi kufika huko. Mkuu wa shule alikuwa ameketi mstari wa mbele na suti yake ya kijivu, amealika wazazi, na wanafunzi walikuwa wamepanda hadi kwenye mawe makubwa nyuma ya uwanja.

Zikiwa zimebaki kama dakika mbili, tunaongoza kwa pointi moja, umeme ukakatika. Zile namba nyekundu zilizimika kimya kimya, kama mtu aliyefumba macho.

Madam akasimamisha mchezo. Makocha wakaja mezani. Kocha wetu akaongea wa kwanza, na alijua anachosema.

"Saa haipo. Tumalizie kama zamani, bila saa. Dakika mbili tu."

Kocha wa Sekenke, mwalimu kijana mwenye jasho hadi kwenye kola, karibu apige kelele. "Bila saa watashika mpira mpaka mwisho! Madam, hapana!"

"Basi tuahirishe," akasema kocha wetu.

"Watoto wangu walale wapi? Lile fuso linaondoka leo."

Madam aliwasikiliza. Wanafunzi walikuwa wanaimba, upepo unavuma, na yeye ametulia tuli.

"Saa imezimika," akasema. "Sheria haijazimika. Tunamalizia na ishirini na nne zetu."

Akanigeukia. Shingoni nilikuwa nimevaa saa ndogo ya michezo ya kubonyeza, ya akiba. Akasema niitumie hiyo. Hakuna honi, kwa hiyo muda ukiisha nisimame na kunyoosha mkono juu. Mwalimu mmoja wa wageni angekaa bega kwa bega nami, tuangalie saa moja.

"Na wewe utajuaje?" kocha wetu akamuuliza.

"Nitakuwa nasimama mahali ninapouona mpira na ninapomwona yeye."

"Yeye ni wa shule yangu, Madam." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefurahi.

"Najua," akajibu. "Ndiyo maana nimekaa naye misimu yote hii."

Wale wasichana waliokuwa uwanjani nilikuwa nawafundisha. Kapteni wetu alikuwa kidato cha nne, mtoto mrefu mwenye mikono mirefu, aliyenijia jioni nyingi kuniuliza maswali ya aljebra. Nilimpenda, sifichi.

Mchezo ukaendelea. Sekenke wakarusha, wakakosa, mpira ukawa wetu. Nikabonyeza. Kilichofuata ni kile kile cha zamani: pasi, pasi, pasi. Kocha wetu anapiga makofi, "Tulieni! Tulieni!" Wasichana wa Sekenke wanakimbia hadi wanapiga magoti. Mimi naangalia ile saa ndogo, mwalimu wa wageni ananipumulia sikioni. Sekunde zinakwenda. Kapteni akapewa mpira. Nilisikia watu wanapiga kelele arushe, lakini sikuinua macho. Muda ukafika. Nikasimama, nikanyoosha mkono.

Ndipo nilipoutazama uwanja, na mpira ulikuwa hewani. Ulipita katikati ya ringi bila kugusa chuma.

Uwanja ulilipuka. Wanafunzi waliruka kutoka kwenye mawe. Mkuu wa shule alikuwa amesimama, mikono juu. Na katikati ya kelele zile ikasikika filimbi ya Madam, ndefu, na mkono wake ukipunga chini, kulia na kushoto: hakuna goli. Mpira wa Sekenke.

Kelele ziligeuka. Nadhani hamjawahi kusikia shule nzima mnayoifundisha ikiwazomea. Kocha wetu alikuja moja kwa moja mezani, siyo kwa Madam, kwangu.

"Umewahi! Mkono umenyoosha mapema! Mwalimu, wewe uko upande gani?"

Madam akaja, akasimama kati yetu, mgongo wake kwangu na uso wake kwake, mfupi mbele ya mtu mrefu.

"Kocha, ongea na mimi."

"Hujaona kwamba..."

"Nimeona. Mkono wake ulikuwa juu, mpira bado uko kwenye vidole vya kapteni wako." Kisha akageuza kichwa kidogo. "Mwalimu wa Hisabati. Ulinyoosha lini?"

"Ilipofika," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

"Basi," akasema Madam. "Imefika."

Akarudi uwanjani. Chupa ya maji ilirushwa, ikaangukia karibu na mguu wake. Hakuitazama. Sekenke wakaleta mpira, na msichana mmoja mfupi, ambaye mchezo mzima sikuwa nimemwona akirusha, akasimama, akatazama ringi, akarusha mwenyewe. Ukaingia. Muda uliobaki hakuna aliyefunga tena, na tulifungwa kwa pointi moja.

Madam hakuondoka haraka kama marefa wanavyofanya uwanja ukichafuka. Alivaa kitenge chake, akavuta kiti, akaketi pembeni yangu pale mezani hadi watu wa mwisho walipotawanyika. Hakuniambia nimefanya vizuri. Aliniuliza nyumbani nina mboga gani.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzito. Kwenye chumba cha walimu maongezi yalikatika nikiingia. Kapteni aliacha kuja na maswali yake. Mkuu wa shule aliniita, akasema kwa upole wa kutisha kwamba anafikiria kuniondoa kwenye michezo, nipumzike. Sikumwambia Madam, lakini Singida mjini si pakubwa kihivyo.

Akaja. Kwa mshangao wa kila mtu alifika saa aliyosema. Niliitwa ofisini nikamkuta ameketi mbele ya mkuu, pochi mapajani, wanazungumza habari za bei ya alizeti. Mkuu alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kuombwa radhi.

"Nimekuja na ombi, mkuu," Madam akasema nilipokwisha kuketi. "Msimu ujao wasichana wako watacheza ugenini, Iramba. Wenyeji watakuwa wengi. Ungependa mezani akae mtu gani?"

Mkuu alichukua kalamu mezani.

"Mimi ningependa akae mtu ambaye hata shule yake ikimzomea, mkono hautetemeki," akaendelea. "Ninaye mmoja tu. Nimekuja kukuomba usiniondolee."

Nje wanafunzi walikuwa wanamwagilia bustani. Mkuu alichezea kalamu, akatazama dirishani, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefungwa na anajua. "Mchukue, Madam. Ila msimu ujao na wewe utufikirie."

"Sitawafikiria," akasema Madam, na akamuuliza kama kuna chai.

Baadaye, kwa muda mrefu, alizoea kuniomba niendelee kunyoosha mkono hata umeme ukiwepo na honi ikilia. Tulidhani ni ukali wake tu. Halafu ukaja mchezo wa wavulana, wa kawaida, nusu uwanja haujajaa. Honi ikalia, wachezaji wakalegea, mmoja akarusha tu kwa mazoea, mpira ukaingia, na Madam akahesabu goli. Mwenzangu mgeni mezani, aliyeendesha saa siku ile, hakuwa amenyoosha mkono, maana mimi niliandika pointi. Wachezaji walimtazama. Naye akawatazama wao, kisha sisi, na nikaona kitu kinapita usoni mwake, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba kwa lugha ambayo anaielewa polepole.

Alisimamisha mchezo, akaita makocha.

"Honi ililia?"

"Ililia, Madam."

"Sikuisikia. Goli lile lifutwe." Akavua filimbi shingoni, akampa refa wa akiba, kijana yule yule wa Iramba. "Endelea wewe."

"Madam, ni mara moja tu, inatokea..."

"Endelea, mwanangu. Watoto wanapoa."

Alivaa kitenge, akaketi nasi mezani kutazama hadi mwisho, akapiga makofi kwa timu zote mbili. Hakuchezesha tena. Hakukuwa na sherehe ya kumuaga. Tulipomtajia, alisema zawadi za vikombe atakosa pa kuziweka.

Mwaka jana nilikuwa nakwenda Nzega kwenye harusi, nikashuka Shelui kumwona. Alistaafu, yeye na mumewe wakajenga huko, nyuma ya maegesho ya malori, nyumba yenye ukuta wa matofali ya kuchoma na cherehani barazani. Nilimkuta kwenye uwanja wa shule ya jirani, ameketi kwenye benchi. Uwanja wenyewe ni udongo uliosawazishwa, na ringi ni chuma alichochomelea fundi wa malori kwenye nguzo. Wasichana wa sekondari walikuwa wanacheza, vumbi linapanda hadi magotini.

"Shikamoo, Madam."

Hakusikia. Nikazunguka mbele yake, nikarudia.

"Marahaba! Kaa hapa, kaa unitazame. Ukiongea pembeni sikupati." Alinishika mkono, akanitazama mdomo. Nywele zilikuwa nyeupe. Akaniuliza habari za wote, mmoja mmoja, na nilipomwambia mama yangu amekuwa akiumwa, akasogea karibu zaidi, akataka kujua ni nini hasa, wanampa dawa gani.

Nilikuwa namweleza hilo kelele zilipoanza uwanjani. Wasichana walikuwa wamekusanyika chini ya ringi, wanasukumana kwa maneno. Mpira ulikuwa umetoka nje, kila upande unadai ni wake. Mwishowe wakaja wote mbio hadi kwenye benchi, vumbi na jasho, wakiongea kwa pamoja, Kinyiramba na Kiswahili vimechanganyika.

"Madam, wameugusa wao!"

"Uongo, Madam, sema wewe!"

Aliinua kiganja, wakanyamaza. Akawatazama nyuso zao taratibu, kama alivyokuwa akifanya kila kitu ambacho hakikuwa mchezo.

"Mimi sikuona," akasema. "Nilikuwa na mgeni wangu."

Wakabaki wamesimama. Hawakuwa wamejiandaa kwa jibu hilo. Mmoja alichora mchanga kwa kidole cha mguu. Mwingine alikohoa. Madam hakuongeza neno, wala hakuwaharakisha. Lori lilipita barabarani likipiga honi, nadhani mimi peke yangu kati yetu wawili ndiye niliyelisikia.

Msichana mmoja wa nyuma, aliyeshika mpira kifuani, akaangalia chini.

"Niligusa mimi," akasema. Kisha, kwa kuwa Madam alikuwa anamtazama mdomo na hakuelewa, akainua uso, akasema tena polepole ili mdomo wake usomeke. "Mimi, Madam. Niligusa mimi. Mpira ni wao."

Akamrushia mmoja wa upande ule mpira, wakarudi mbio wote.

Madam hakumsifu. Alimfuata kwa macho hadi alipofika kwenye nafasi yake, halafu akanigeukia, akaweka mkono wake juu ya goti langu.

"Endelea, mwanangu. Ulikuwa unaniambia habari za mama."

Nikajisogeza hadi auone mdomo wangu vizuri, nikaanza upya.